Waliopewa Maduka na Waliojifunza Kuyaendesha

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na nyumba za biashara za wageni nchini Zaire zingetwaliwa na kupewa wenyeji. Wagiriki, Wareno na Wahindi waliokuwa wakiuza vitenge, chumvi na sabuni wakakabidhi funguo. Waliozipokea wengi walikuwa wanasiasa, wakubwa wa serikali na jamaa zao. Walichokikuta rafuni walikiuza, fedha wakazila, na siku ya kuagiza shehena nyingine wenye bidhaa za jumla wakawanyima mkopo. Novemba 1975 serikali ilianza kuwarudishia wageni sehemu ya mali hizo, asilimia 40. Septemba 1976 ikapandisha hadi 60.

Kuendesha duka ni kazi ya kujifunza: kujua kipi kinatoka haraka, nani akopeshwe, mtoto wa duka alipwe nini ili mkono wake usiwe mwepesi, na fedha ipi isiguswe kwa kuwa ni mtaji wa kesho. Amri ya rais ilihamisha funguo tu.

Baraka, mji wa Fizi mashariki mwa nchi hiyo, haikungoja amri ili ijifunze biashara. Ni mji wa Ziwa Tanganyika, na biashara ya ziwa ina mabwana wake tangu zamani. Mwaka 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita rasi ya Ubwari, jirani na Baraka, wakielekea Uvira kwa mitumbwi iliyokodiwa Ujiji, na aliyewaongoza wapiga makasia alikuwa Kannena, mkuu wa Kawele huko Ujiji. Wazungu ndio waliolipa. Safari aliiendesha yeye.

Wakati wa Mobutu, milima ya Fizi ilikuwa na dola yake ndogo. Mwasi Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha mapinduzi cha PRP mwaka 1967, miaka miwili baada ya mamluki wa Mike Hoare na jeshi la serikali kuiteka Baraka. PRP ilihubiri ujamaa na kulimisha mashamba ya pamoja, huku ikiishi kwa kuvusha dhahabu na pembe za ndovu. Hata baadhi ya makamanda wa jeshi lililotumwa kuipiga walifanya nayo biashara. Kuna kichekesho hapo: serikali iliwagawia watu maduka bila kuwafundisha kuyaendesha, na wapinzani wa ubepari wakawa wafanyabiashara hodari.

Kisha vita vya 1996 vikawavusha maelfu ya watu wa Fizi hadi Kigoma, Tanzania, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko mwaka huohuo. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, lakini soko likaota. Kupanga bei, kukadiria mzigo, kumtuma mwenzako na kumwamini, yote hayo yalifanywa ndani ya mipaka hiyo finyu. Tangu 2005 wengi walianza kurudi Baraka kwa meli. Mtaji wao ulikuwa mdogo; uzoefu waliurudisha wote.

Leo shule ya uongozi iliyo wazi zaidi kwa mama wa soko ni kikundi cha kuweka na kukopa. Likelemba ya zamani, yaani upatu, ilizungusha fedha tu. Utaratibu mpya, ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa mradi wa shirika la CARE, una sanduku la kufuli tatu: funguo hukaa kwa watu watatu, na anayelitunza sanduku hana hata mmoja. Mwenyekiti, katibu na mtunza fedha huchaguliwa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, mchelewaji hutozwa faini, mkopo huombwa hadharani. Mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja, akiba na faida hugawanywa, na viongozi hurudi kwenye kura.

Mwanamke anayeuza dagaa asubuhi, kisha jioni akakataa ombi la mkopo la shemeji yake mbele ya wanachama ishirini ameshafanya mtihani wa umeneja. Mashirika na vyama vya wafanyabiashara vinavyotaka kufundisha wenye maduka wa Baraka vianzie kwenye mikutano hiyo, si kwenye semina ya siku mbili hotelini.