Pawa-so Ilizaliwa Ujerumani, Lakini Imeishi Taita

Leo tuongee kuhusu pawa-so. Ndio, ile mashine ya kukata miti. Najua kuna mtu ameshaanza kuskroli, lakini nipe dakika tatu tu.

Ukitafuta historia yake kwa intaneti, utapata majina machache. Mwisho wa miaka ya 1700, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na kasumeno kadogo ka mnyororo, ka kuvuta kwa mkono. Kazi yake? Kukata mifupa. Ya watu. Mwaka wa 1926 Mjerumani Andreas Stihl akatoa msumeno wa mnyororo wa umeme, na 1929 akatoa wa petroli. Halafu 1946 huko Oregon, Marekani, jamaa anaitwa Joseph Cox akamwangalia funza akitafuna gogo, kushoto kulia, kushoto kulia, akatengeneza mnyororo unaotafuna vile vile.

Stori tamu. Shida ni kwamba inaishia hapo. Inakuambia nani aliunda mashine, haikuambii nani aliiwasha tena siku ilipozima. Na kwa watu wa Taita Taveta, mimi nasema hiyo ya pili ndiyo historia yetu.

Angalia vile mashine zilifika huku. Reli ya kutoka Mombasa ilipita Voi mwisho wa miaka ya 1890. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Wajerumani wakaingia Taveta. Waingereza wakajenga reli nyingine haraka haraka kutoka Voi, na 1915 ikafika Maktau. Ndege za kivita ziliruka kutoka huko huko Maktau, mahali wewe leo unapita na matatu ukienda Taveta bila hata kuangalia dirishani. Baadaye mkonge ukashika: Voi, Mwatate, Taveta. Na mkonge hauvunwi ukaenda sokoni hivyo tu. Lazima jani lipite kwa mashine kubwa ya kukwangua, ibaki nyuzi.

Sasa fikiria. Reli, jeshi, mashamba ya mkonge. Vyote vimejaa chuma, na chuma huharibika. Spea inatoka ng'ambo kwa meli. Lazima mtu ashike spana leo, si mwezi ujao. Majina ya wenye mashamba tunayo, hata Ewart Grogan aliacha kasri lake Taveta na watu wanaenda kupiga picha. Yule aliyelala chini ya mashine akiwa na grisi hadi kwa kiwiko, jina lake liko wapi?

Halafu kuna kisiagi. Kwa miaka mingi injini iliyojulikana Afrika Mashariki kwa kusaga mahindi ilikuwa Lister, ya kutoka Uingereza, muundo wa karibu 1930. Ile ya tuk, tuk, tuk, unaisikia kutoka kilima cha pili. Inazunguka kama mara 650 kwa dakika, pole pole kama mzee anayejua anakoenda. Pawa-so ikipewa moto inapita mara 10,000. Fundi wa kijijini anatarajiwa kuzijua zote mbili, pamoja na pampu ya maji, jenereta na boda ya jirani. Na hakuna mtu aliyempa kitabu.

Serikali ilichukua muda kuwaona hawa watu. Mwaka wa 1972 shirika la kazi la kimataifa, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema wazi kwamba hizi biashara ndogo za mtaani si uchafu wa kufagiliwa, ni ajira. Ilifika 1992 ndipo serikali ikatoa sera nzima ya jua kali. Miaka 20! Na hao watu walikuwa juani siku zote hizo, wakifanya kazi.

Mtu atasema, "Lakini si kutengeneza pawa-so ni kazi rahisi?" Basi nikuonyeshe kidogo tu. Injini yake haina oili yake ya pembeni kama ya gari. Oili inachanganywa na petroli. Nyingi za kisasa zinataka 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Ukikadiria kwa macho ikapungua, pistoni inakwaruzika, injini inanoki, na pesa zako zimekwenda. Filta ikijaa vumbi la mbao, inakosa pumzi. Mnyororo ukiwa butu, haukupi vipande vya mbao, unakupa unga. Fundi mzuri anaangalia huo unga chini, anachukua tupa, hata hakuulizi swali.

Na hapa si mambo ya mashine pekee. Pampu ikizima Taveta wakati wa kiangazi, ndizi na nyanya hazingoji. Kule Wundanyi, mkulima mwenye migrevilea yake shambani anategemea huo msumeno kupata mbao za karo. Najua pawa-so ina jina baya, na kuna sababu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma na ya jamii. Misitu kama Ngangao na Mbololo ina ndege ambao hutawapata popote pengine duniani, na mtu akiingia huko na msumeno mimi siko upande wake. Lakini mti uliopanda mwenyewe shambani ni hadithi nyingine.

Mimi niliacha chuo, mnajua. Kwa hivyo nimesikia sana ile sentensi ya "usiposoma utakuwa fundi." Inasemwa kama laana. Ukweli ni kwamba fundi amesoma, ila mwalimu wake alikuwa injini iliyokataa kuwaka. Hata NITA wana mitihani ya ufundi, kuanzia Gredi ya III kupanda hadi ya I, na fundi wa jua kali anaweza kuifanya akapata karatasi yake.

Kinachonisumbua ni hiki. Wazee waliojua hizi mashine kwa masikio wanazeeka, na walichojua hakijaandikwa. Akienda mmoja, amekwenda na karakana nzima. Sisi tuna simu zenye kamera kali na tunarekodi chai.

Kwa hivyo wikendi hii nenda kwa fundi mmoja wa mtaa wenu. Msalimie vizuri, mnunulie soda, umuulize alijifunza kwa nani, na huyo naye alifunzwa na nani. Rekodi. Ukifika kwa jina la tatu, tayari umeandika historia ambayo haiko kwa kitabu chochote.

Haya, nianzie Voi: ni fundi gani wa kwenu mnamkumbuka? Andikeni jina lake hapo chini, kama mwenyewe hana shida.