Rangi za Mtoto Asiyezaliwa: Historia Fupi ya Nguo za Watoto Wachanga Marekani

Nguo zisizobagua jinsia, yaani nguo za mtoto mchanga ambazo rangi na mshono wake havidokezi kama mvaaji ni wa kiume au wa kike, hutajwa mara nyingi kuwa uzushi wa wazazi wa kisasa, ilhali historia ya mavazi ya watoto nchini Marekani na Ulaya Magharibi inaonyesha kinyume chake: desturi kongwe ni kuwavisha watoto wote nguo za namna moja, na desturi changa ni kuwatenga kwa rangi tangu siku ya kwanza. Mgawanyo huo ulijengwa hatua kwa hatua na viwanda, maduka na hatimaye mitambo ya hospitali, na ulikomaa pale tu mama aliyekuwa akiandaa nguo alipoweza kujua mapema atakayemzaa.

Katika karne ya 19 mama huyo hakuwa na njia ya kujua. Fungu la nguo lililoandaliwa wakati wa ujauzito, lenye mashati madogo, kofia, nepi za kitambaa, shali na gauni refu lililopita nyayo, lilikuwa la pamba nyeupe na lilimfaa yeyote atakayezaliwa. Weupe huo ulikuwa na sababu za kazi, kwa kuwa kitambaa cheupe kiliweza kuchemshwa na kutiwa dawa ya kung'arisha bila hofu ya kuchuja, na gauni lililo wazi chini lilirahisisha kubadilisha nepi. Mtoto alipoanza kutembea gauni lilifupishwa, lakini lilibaki gauni hata kwa mvulana, mpaka alipofikia miaka sita au saba hivi, ndipo alipovishwa suruali na kukatwa nywele. Picha ya mwaka 1884 ya Franklin Delano Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, inamwonyesha akiwa na umri wa miaka miwili na nusu, amevaa gauni jeupe na nywele zimemfika mabegani, na hakuna aliyeiona kuwa aibu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kwamba kanzu ni vazi la heshima la mwanamume, hatapata taabu kuelewa kwamba vazi refu halina jinsia isipokuwa ile inayopewa na jamii.

Rangi nyepesi, zikiwemo samawati na waridi, ambayo wengi huiita pinki, ziliingia katika nguo za watoto ndani ya karne hiyo hiyo, lakini hazikuwa na maana moja. Katika sehemu ya pili ya riwaya ya Louisa May Alcott, Little Women, iliyotoka mwaka 1869, pacha wa kiume anafungwa utepe wa samawati na wa kike utepe wa waridi, na jambo hilo linaelezwa kuwa mtindo wa Kifaransa, ishara kwamba lilikuwa bado geni kwa Wamarekani. Mwezi Juni 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto, Earnshaw's Infants' Department, lilishauri kinyume chake: waridi ipewe wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na samawati ipewe wasichana kwa kuwa ni laini. Mwaka 1927 jarida la Time lilipokusanya kauli za maduka makubwa ya miji mbalimbali, Filene's la Boston na Marshall Field la Chicago yalikuwa miongoni mwa yale yaliyowapa wavulana waridi, huku mengine yakisema vingine. Watafiti bado wanabishana kuhusu kauli ipi ilikuwa na wafuasi wengi zaidi, lakini kutoafikiana kwa wauzaji wenyewe kunatosha kuonyesha kwamba hapakuwa na kanuni.

Kanuni tunayoijua leo ilishika mizizi baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha ikatikiswa na harakati za ukombozi wa wanawake. Mwanahistoria wa mavazi Jo Paoletti, aliyeandika kitabu kizima juu ya suala hili mwaka 2012, alibaini kwamba katika miaka ya 1970 katalogi ya kampuni ya Sears, Roebuck ilipita miaka miwili bila kuonyesha nguo yoyote ya waridi kwa watoto wadogo.

Kilichogeuza mwelekeo ni teknolojia. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha matokeo ya ultrasaundi, yaani mtambo unaotumia mawimbi ya sauti kuchora picha ya kilichomo tumboni, na kufikia miaka ya 1980 uchunguzi wa namna hiyo ulikuwa umewawezesha wazazi wengi kujua jinsia mapema. Kabla ya hapo, ununuzi wote wa kabla ya uzazi ulilazimika kuwa wa jinsia zote. Sasa duka liliweza kumuuzia mama seti nzima ya rangi moja, na mtoto wa pili akiwa wa jinsia nyingine, kumuuzia seti mpya. Mwaka 2008 mama Mmarekani, Jenna Karvunidis, alikata keki yenye waridi ndani ili kutangaza jinsia ya mwanawe, na sherehe za namna hiyo zikaenea. Mwaka 2019 yeye mwenyewe alieleza hadharani majuto yake.

Mgawanyo huo umefika Afrika Mashariki pamoja na marobota ya mitumba, na umekuta desturi isiyouhitaji: kanga kuukuu, iliyolainishwa na kufuliwa mara nyingi, humpokea mtoto bila kuuliza ni wa kiume au wa kike. Mzazi anayechagua nyeupe, manjano au kijani kabla ya kujifungua hafanyi uasi wowote. Anarudia busara ya mabibi waliojua kwamba nguo njema ya mtoto ni ile iliyo safi, laini na inayoweza kurithiwa na mdogo wake, awaye yeyote.