Ushuru na Ruzuku: Fedha za Halmashauri Zitazamwapo kutoka Buzuruga

Kata ya Buzuruga, kando ya barabara iendayo Musoma, ilijulikana kwa wasafiri wengi wa Mwanza kwa stendi yake ya mabasi. Ushuru wa stendi ni miongoni mwa mapato ambayo halmashauri hujikusanyia yenyewe. Neno ushuru limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Neno la pili lililotawala vitabu vya hesabu vya halmashauri ni ruzuku, ambalo lina undugu na riziki. Ushuru hudaiwa mkononi mwa mtu anayejulikana. Ruzuku, kama riziki, hungojewa kutoka juu. Sehemu kubwa ya historia ya serikali za mitaa nchini Tanzania imo katika safari ya kutoka neno la kwanza kwenda la pili.

Mvutano huu una umri mkubwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na Usukumani kodi ikakusanywa kwa mkono wa watemi. Sehemu yake ilibaki katika hazina za wenyeji kulipia mishahara ya watemi na makarani wao, na huduma chache. Baadaye pamba nayo ikatozwa ushuru. Mkulima aliona vizuri nani anachukua. Nani anaamua matumizi hakuambiwa.

Uhuru ulileta halmashauri za kuchaguliwa, lakini haukuzipa mifuko imara. Zilikabidhiwa shule za msingi, zahanati na barabara, kisha kuelekea mwaka 1970 zikanyang'anywa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Zilipokwisha kudhoofika, udhaifu huo ukawa hoja ya kuzifuta. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na zile za miji zikafuata, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina hilo linastahili kutazamwa mara mbili. Madaraka yaliyopelekwa mikoani yalikuwa ya watumishi wa Serikali Kuu. Diwani, ambaye mlipa kodi angeweza kumwuliza, hakuwapo tena. Huduma za miji zilizorota kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982, ikiwamo Sheria Na. 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa, ziliandaa njia, na halmashauri za wilaya zikaanza tena mwaka 1984.

Kodi ya maendeleo ilirudi pamoja nazo, na kwa wananchi wengi sura ya halmashauri ikawa sura ya mgambo. Wanaume walivizwa njiani na sokoni. Asiye na stakabadhi alikamatwa. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003, furaha ya watu ilikuwa ya haki kabisa. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wadogo walisamehewa ada za leseni. Serikali Kuu iliahidi kufidia pengo kwa ruzuku, na kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 ruzuku zikaanza kugawanywa kwa kanuni zinazozingatia idadi ya watu na umaskini. Kero iliondoka, na swali la mlipaji, "Fedha yangu imefanya nini?", likaondoka nayo.

Ajabu ni kwamba haya yalitokea wakati sera ya mwaka 1998 ikihubiri ugatuaji wa madaraka. Mwendo haukubadilika baadaye. Mwaka 2016 kodi ya majengo katika miji ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Desemba 2018 vilikuja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, na mchuuzi mwenye kitambulisho akaacha kudaiwa na halmashauri. Ilemela, iliyokuwa sehemu ya Jiji la Mwanza hadi ilipopata manispaa yake mwaka 2012, ilikuwa bado changa mambo haya yalipoifikia. Stendi yake kubwa ya Nyamhongolo ilijengwa kwa fedha za Serikali Kuu: jengo la kukusanyia ushuru, lililotokana na ruzuku.

Nchini Kenya, ambako wao husema ugatuzi, Ibara ya 203 ya Katiba ya mwaka 2010 inazihakikishia kaunti kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katiba ya Tanzania, katika Ibara za 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kutaja kazi zake, bila kutaja fungu.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sheria humtaja mwenye nyumba, lakini mita huwa mikononi mwa anayeishi humo. Hivyo mpangaji wa Buzuruga aweza kulipia jengo la mtu mwingine kila anunuapo umeme, na akimfuata diwani wake kuuliza zilikokwenda, diwani naye hana budi kuuliza Hazina.