Hedifoni: Chombo Kilichoanza Kichwani mwa Wanawake

Korosho zikishauzwa na fedha zikaingia mkononi, kule Ruangwa harusi hufuatana. Katika vyombo vya bi harusi siku hizi, pamoja na kitanda na seti ya vikombe, laptopu nayo imo. Tatizo ni spika zake: sauti hutoka nyembamba kama nyuki ndani ya kopo. Basi hununuliwa hedifoni, na mara nyingi anayechagua ni kaka mtu au muuza simu. Sisi tunaona achague mwenyewe, kwani chombo hiki kina historia ya kike kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1878 kampuni ya simu ya mjini Boston, Marekani, ilimwajiri Emma Nutt kuunganisha simu za watu. Vijana wa kiume waliokuwa wakiifanya kazi hiyo walikuwa na maneno makali kwa wateja. Baada yake wanawake wakawa ndio wenye kazi. Mikono yao ilishughulika na waya, kwa hiyo sikio la simu likafungwa mwilini. Kifaa kimoja cha miaka ya 1880 kilikaa begani kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 4. Ile pini ya chuma unayoichomeka kwenye laptopu ni mjukuu wa pini walizokuwa wakichomeka wao, imepunguzwa ukubwa tu.

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, Mmarekani aliyekuwa akiunda vyake jikoni nyumbani, akaliuzia jeshi la majini hedifoni ya masikio mawili. Lakini bado ilikuwa ya kazi. Ya kusikilizia muziki kwa starehe ilianza kupata soko mwaka 1958, alipoitoa John Koss.

Huku kwetu kusikiliza kulikwenda njia nyingine. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mwanamke aliyekaa ndani akaipata sauti ya mwanamke mwenziwe bila kutoka mlangoni. Kusini, Waingereza walifika Nachingwea mwaka 1947 na mradi wao wa karanga. Wakajenga reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwaka huohuo Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kusikika. Reli iling'olewa baadaye, redio ikabaki.

Ila santuri na redio vina mwenyewe. Aliyeshika kitufe ndiye anayechagua, na kitufe kilikuwa karibu na kiti cha baba. Mama alisikia taarabu ilipopigwa, akanyamaza taarifa ya habari ilipoingia. Hedifoni ndiyo iliyoligeuza jambo hilo: watu wawili chumba kimoja, huyu na mpira wake, huyu na kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary.

Hapo ndipo penye raha, na ndipo penye hatari kwa ndoa changa. Sony walipotoa Walkman mwaka 1979, mkuu wao Akio Morita aliijaribu nyumbani, akaona mkewe amechukizwa, kwa kuwa ametengwa. Toleo la kwanza likatoka na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha kuwawezesha wasikilizaji kuzungumza bila kuzivua. Bibi yule tunamshukuru. Waya wa kugawa tundu moja kuwa mawili unauzwa hadi leo kwa bei ndogo, na bi harusi asiukose.

Tukija kwenye kuchagua: ziko zilizofunga sikio na ziko zilizo wazi nyuma, aina iliyoingia sokoni mwaka 1968 kwa mkono wa Sennheiser. Zilizofunga huzuia kelele za nje, zinafaa nyumba iliyo kando ya stendi. Zilizo wazi hupitisha sauti huku na huku. Muziki husikika mpana, kama bendi iko ukumbini, na fidla na ganuni hazibanani. Kwa nyumba ya Ruangwa iliyotulia sisi tungechukua zilizo wazi. Utasikia adhana, utasikia hodi, na mavyaa akiita hutangoja aite mara ya tatu. (Suala la muziki na sheria wanazuoni wetu wana maneno yao, hapa tunazungumzia chombo.)

Zisizo na waya ni nzuri kwa anayepika huku anasikiliza, lakini zina betri, na betri huchakaa. Kwa anayekaa mezani na laptopu, waya humtosha na fedha inayobaki hununua sauti bora. Sauti iwekwe kiasi. Ukizivua masikio yakavuma, ulizidisha.

Uzito usiudharau. Utepe wa juu ukibana sana, ushungi hukunjika na kichwa huuma kabla wimbo wa tatu haujaisha. Nenda dukani na laptopu yako na mtandio unaovaa nyumbani, weka wimbo unaoujua vizuri, ukae nazo kichwani dakika 10 kabla hujatoa fedha.