Lipidi za utando wa seli na nusukaputi

Lipidi za utando wa seli ni mafuta yanayojenga ngozi nyembamba inayozunguka kila seli ya mwili: fosfolipidi zilizojipanga safu mbili, mikia ndani na vichwa nje, huku kolesteroli imejipenyeza katikati yake. Zinahusishwa na nusukaputi kwa sababu dawa nyingi zinazomlaza mgonjwa hupenda mafuta kuliko maji.

Hans Horst Meyer wa Marburg, Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1899. Charles Ernest Overton, aliyekuwa Zürich, alifikia jibu hilohilo kivyake na kulichapisha 1901. Overton aliwatia viluwiluwi kwenye maji yenye dawa, akaangalia ni kiasi gani kinawafanya waache kuogelea, kisha akalinganisha na jinsi dawa hiyo inavyoyeyuka katika mafuta ya zeituni. Kadiri ilivyoyapenda mafuta, ndivyo kidogo kilivyotosha. Uwiano huo ungalipo katika vyumba vya upasuaji. Halotheni, iliyozoeleka kwa miaka mingi katika hospitali za Afrika Mashariki, hutosha ikiwa asilimia 0.75 hivi ya hewa iliyomo mapafuni. Gesi ya kuchekesha, ambayo haina urafiki mkubwa na mafuta, ingehitaji kupita asilimia 100, ndiyo maana huchanganywa na dawa nyingine.

Hata hivyo mafuta peke yake hayamalizi hoja. Joto likipanda nyuzi moja tu, utando hulegea karibu sawa na unavyolegezwa na dawa, na hakuna anayezimia kwa homa ndogo kama hiyo. Mwaka 1984 Nicholas Franks na William Lieb, London, walionyesha kwamba dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake, protini isiyo na lipidi, tena kwa uwiano uleule wa Meyer na Overton. Macho yakahamia kwenye protini, hasa kipokezi cha GABA-A. Lipidi zilirudi uwanjani 2020, pale watafiti wa Scripps Research, Florida, walipoeleza kwamba klorofomu na isoflureni huvuruga vishada vya lipidi kwenye utando. Kimeng'enya PLD2 kilichoshikizwa humo huachiliwa, na mlango wa potasiamu uitwao TREK-1 hufunguka.

Asilimia kama zile za halotheni na gesi ya kuchekesha ni za kipimo cha MAC, kilichoanza miaka ya 1960: ni kiasi cha dawa kinachofanya nusu ya wagonjwa wasijisogeze wanapochanwa kwa kisu. Baada ya umri wa miaka 40 hupungua kwa asilimia 6 hivi kila miaka kumi, na hupungua pia kwa wajawazito na kwa mwili uliopoa. Unene ni habari nyingine: mafuta ya tumbo huhifadhi dawa na yanaweza kuchelewesha kuamka, lakini si mafuta ya utando.

Mahali lipidi zinapojitokeza waziwazi ni kwenye pombe. Mwaka 1977 Jane Chin na Dora Goldstein walipima tando za seli za panya waliozoeshwa pombe, wakakuta pombe haizilegezi kama inavyolegeza tando za panya wasioizoea. Kwa mnywaji wa miaka mingi, daktari wa usingizi hujiandaa kuongeza dawa. Mtu huyohuyo akiletwa usiku kutoka kwenye ajali, pombe ingali damuni, atapunguziwa.