Tofauti za mila katika ndoa mseto: Mambo ambayo mshauri hana budi kupima

Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulishikilia kwamba Mluo sharti azikwe kwao. Mvutano ulidumu miezi mitano. Hatimaye Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua kwa misingi ya mila za Kiluo, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Kisa hicho kingali funzo kwa washauri wa ndoa: wawili wanaweza kuishi pamoja miongo mingi huku mila za kwao zikiwasubiri mlangoni.

Hatua ya kwanza ni kuchora nasaba ya kila upande. Mwaka wa 1995, wataalamu wa Marekani Kenneth Hardy na Tracey Laszloffy walieleza namna ya kuchora chati ya ukoo kwa rangi zinazotofautisha asili za jamaa, pamoja na alama za mambo ambayo jamii huyaonea fahari au aibu. Walikusudia kwanza washauri wajifahamu wenyewe, kwani mshauri naye ana kabila, dini na chuki zake.

Kisha huja maswali. Mtoto ataitwa nani? Kwa desturi ya Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Waluo aghalabu hutazama wakati wa kuzaliwa, mathalan Otieno kwa aliyezaliwa usiku. Mahari yamelipwa? Watoto watafunzwa lugha gani? Nani atazikwa wapi? Kila mmoja ajibu peke yake kwanza, kwa kuwa hakuna anayewakilisha kabila zima. Mluo aliyelelewa Nairobi huenda akazijua mila za ukoo kwa kusimuliwa tu.

Hatimaye mshauri apambanue mila na tabia. Anayempiga mkewe kisha akasingizia utamaduni hana hoja: Kenya ina sheria ya mwaka wa 2015 inayowakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, nayo Katiba ya 2010 huwapa wanandoa haki sawa.

Yaliyosalia yazungumzwe mapema, wote wawili wakiwa hai. Msiba si wakati wa kuanza kujuana.