Ludo
Ludo ni mchezo wa dadu wenye sura ya mashindano ya mbio, uliotokana na pachisi ya Bara Hindi na kupewa hataza Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, nao huifaa mno aila iliyokusanyika kando ya moto jioni katika baridi ya Timau, mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya. Kila mchezaji, kati ya wawili hadi wanne, ana kete nne za rangi yake. Kete haitoki mwanzo mpaka dadu ionyeshe sita, na aliyepata sita hutupa tena. Kete ikiikuta kete pweke ya hasimu njiani huirudisha mwanzo, na hapo ndipo ilipo ladha yote, maana mjukuu aweza kumrudisha babu yake aliyekwisha kukaribia kumaliza mzunguko. Kuingia katikati ya ubao, mwisho wa mbio, hutaka dadu itoe idadi kamili ya hatua zilizobaki. Wa kwanza kufikisha huko kete zake zote ndiye mshindi.